Land Rover Series III inazima: ninunue kabureta mpya?

Ndugu zangu, nina Land Rover Series III ya petroli ya mwaka 1974, niliyorithi kwa marehemu baba, na ninaitengeneza mwenyewe hapa Tukuyu. Kila ninapoachia pedali ya mafuta injini hutetemeka, hutoa moshi mweusi, kisha huzima, ingawa plagi ni mpya.

Jibu, Mafinga: Usinunue bado, kaka. Kama kabureta yako, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni ya aina ya Zenith, mfuniko wake hupinda skrubu zinapokazwa kupita kiasi, na petroli hupenya pasipotakiwa. Tandaza msasa laini juu ya kioo, usugue uso wa mfuniko polepole hadi ung'ae sawasawa, kisha badilisha ile pete ndogo ya mpira iliyo ndani. Pete yangu ilikatikia vidoleni.

Jibu, Iringa: Nakubaliana naye. Unapoagiza vipuri, taja namba iliyo katika kitabu cha kiwanda, kwani mimi niliwahi kusema "vya Series" tu nikauziwa mipira ya breki isiyolingana. Mipira hiyo, tafadhali, usiioshe kwa petroli wala oili, maana huvimba na breki zikakuponyoka mteremkoni.

Muuliza swali: Shikamoo, mzee. Nimeweka rula juu ya mfuniko na mwanga unapita kati yake na rula, kumbe umepinda. Kesho nitausugua.