Fidelio ya Beethoven: ni rekodi ipi inayofaa kuwekwa kando ya ile ya Klemperer?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, kwa miaka mingi nimeisikiliza opera ya Fidelio kupitia rekodi moja tu, ile ambayo Otto Klemperer aliiongoza London mwaka 1962 akiwa na okestra ya Philharmonia, ambamo Christa Ludwig anaimba nafasi ya Leonore, Jon Vickers nafasi ya Florestan, mumewe Leonore aliyefungwa, na Gottlob Frick nafasi ya Rocco, mlinzi wa gereza. Naipenda mno. Wafungwa wanapotolewa nje kuota jua mwishoni mwa tendo la kwanza, kwaya inaanza kwa unyonge wa watu wasioamini kwamba hewa wanayoivuta ni yao, na mwendo wa Klemperer usio na haraka unanifanya nione kila hatua wanayoipiga.

Hata hivyo, kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyohisi kwamba imepungukiwa na hatari. Leonore amejivika mavazi ya kiume, amejiita Fidelio, na anasaidia kuchimba kaburi ambalo huenda likawa la mumewe, lakini mimi msikilizaji sina wasiwasi wowote kwamba atashindwa. Je, ipo rekodi inayorudisha hofu hiyo? Pia ningependa kujua mnayaonaje maneno ya kusemwa baina ya nyimbo: je, yana kazi, au ni sawa kuyaruka?

Sikio la Usiku

Ndugu mleta mada, unachokitafuta kilifanyika Salzburg mwaka 1950, pale Wilhelm Furtwängler alipoongoza okestra ya Vienna Philharmonic, huku Kirsten Flagstad akiwa Leonore na Julius Patzak akiwa Florestan. Anza na neno moja tu. Tendo la pili linafunguliwa gizani, ngoma za okestra zikigonga nota mbili ambazo hazipatani, kisha Florestan anapaza neno lake la kwanza, “Gott!”, yaani “Mungu!”. Vickers analitoa kama mtu mwenye kifua kipana ambaye gereza bado halijamvunja, na hakika linatikisa. Patzak hana sauti kubwa. Yake ni nyembamba, ina ukavu fulani, na kwa sababu hiyo hasa unasadiki kwamba mtu huyu ameshindishwa njaa kwa amri ya Pizarro, mkuu wa gereza. Mimi binafsi sijasikia Florestan mwingine anayenifanya nitamani aletewe maji.

Sitaficha kasoro zake. Sauti ya rekodi ni ya zama zake, na hadhira inasikika. Flagstad alikuwa na umri wa miaka 55, na sauti yake ni pana kiasi kwamba ni vigumu kumwona kama kijana msaidizi wa mlinzi. Lakini anapofika “Komm, Hoffnung”, akimwita tumaini lije huku horni tatu zikimsindikiza, upana huo unageuka kuwa kimbilio. Tafadhali usiichanganye na rekodi ya studio ambayo Furtwängler huyo huyo aliifanya Vienna mwaka 1953 akiwa na Martha Mödl na Wolfgang Windgassen. Humo maneno ya kusemwa yameondolewa, na joto la jukwaa limeondoka nayo.

Msomaji wa Nota

Naomba nijibu swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua mengi. Fidelio ni ya jamii ya opera ambazo Wajerumani huziita Singspiel, ambamo watu huimba na pia huzungumza, na Beethoven aliyajua matumizi ya hali zote mbili. Sikilizeni Rocco na Leonore wanaposhuka shimoni. Hawaimbi, bali wanasema huku okestra ikijibu kwa vipande vifupi. Leonore analalamika kwa sauti ya chini juu ya baridi iliyopo, na Rocco anajibu kwamba ni kawaida, kwani ni kina kirefu. Jibu hilo la mtu aliyezoea kazi yake linanitisha kuliko kelele zote za Pizarro. Ukiyafuta mazungumzo kabla na baada ya hapo, nyimbo zinabaki zikifuatana kama shanga zilizokosa uzi.

Arturo Toscanini aliyaondoa mazungumzo katika matangazo yake ya redio kule New York mnamo Desemba 1944, akiwa na Rose Bampton na Jan Peerce, na kwa haki kabisa lazima nikiri kwamba kasi yake ni ya mtu anayekimbilia kuokoa maisha. Naisikiliza kwa heshima, lakini simpendekezei mtu aanze nayo. Kwa ajili ya hofu iliyotajwa, ningemwelekeza mleta mada kwa Ferenc Fricsay, Munich, mwaka 1957. Leonie Rysanek anaimba kama mtu ambaye mikono inamtetemeka, lakini hauachi mpango wake. Naye Dietrich Fischer-Dieskau, badala ya kumfanya Pizarro mnyama anayebweka, anamfanya ofisa anayejua kunong’oneza. Ernst Haefliger ni Florestan mwepesi kidogo, ila nota zake zote ni safi.

Mkaa Nyuma

Wakuu, nakubaliana na mengi, isipokuwa jambo moja. Furtwängler, kama wengi waliofuata mazoea yaliyopata nguvu Vienna chini ya mwongoza okestra Gustav Mahler, anaingiza Leonore namba 3, mojawapo ya tangulizi za okestra ambazo Beethoven aliiandikia opera hii, kati ya tukio la shimoni na tukio la mwisho. Muziki huo ni mkubwa mno. Tarumbeta iliyotangaza kuwasili kwa waziri na kutuokoa dakika chache zilizopita inapigwa tena, kana kwamba hatukuisikia, na furaha ya watu wanaotoka gizani inacheleweshwa kwa robo saa hivi. Beethoven mwenyewe hakuuweka hapo. Klemperer alifanya vyema kutouingiza katika rekodi yake ya mwaka 1962.

Na kabla hujamwacha Klemperer, ndugu mleta mada, tafuta onyesho lake katika jumba la opera la Covent Garden, London, la Februari 1961, ambalo mbali na kuongoza okestra alisimamia pia uigizaji jukwaani. Vickers na Frick ni wale wale, lakini Leonore ni Sena Jurinac na Pizarro ni Hans Hotter. Jurinac hana ukubwa wa Ludwig. Anapoyafikia maneno “Töt’ erst sein Weib!”, “Muue kwanza mkewe!”, unasikia mwili mdogo ukijitupa mbele ya kisu, na kwa mara ya kwanza unahisi kwamba kisu kingeweza kumfikia.

Naongeza jambo moja kuhusu maonyesho, kwa kuwa opera hii imekutana na historia mara nyingi. Ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 20 Novemba 1805, mji ulikuwa mikononi mwa jeshi la Ufaransa, na ilidumu kwa maonyesho matatu tu. Tarehe 5 Novemba 1955 ndiyo iliyofungua upya jumba la opera la Vienna lililoharibiwa vitani, Karl Böhm akiongoza. Na tarehe 7 Oktoba 1989, huko Dresden, Christine Mielitz aliwaweka wafungwa nyuma ya seng’enge wakati watu wakiandamana mitaani kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki. Nikiisikia kwaya ya wafungwa, kwa rekodi yoyote ile, huwa nawafikiria waliokaa katika viti vya ukumbi ule.

Mleta mada

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeanza na Jurinac, na nimesikiliza tukio la shimoni mara tatu. Katika rekodi ya Ludwig, tarumbeta inapolia, mimi hujiambia kwamba nilijua itakuja. Safari hii nilijikuta nimeacha kupumua, na hata baada ya tarumbeta ya pili nilikuwa bado nimekishikilia kiti. Pia nimetambua kwamba Vickers yule yule, akiwa mbele ya hadhira, analianza lile neno “Gott!” kwa namna nyingine, kama mtu aliyeshtuka kusikia kwamba bado ana sauti. Kesho namgeukia Patzak.