Ziara ya Rembrandt Amsterdam: tulipie mtu wa kutuongoza au tuzunguke wenyewe?

Mluguru_Ughaibuni

Habari zenu wadau. Mimi nipo Düsseldorf, na mwezi wa tisa baba mdogo anakuja kunitembelea kutoka Morogoro. Ni mwalimu mstaafu, kafundisha kuchora miaka mingi, na tulivyokuwa wadogo alikuwa na kitabu kimoja kimechakaa chenye picha ya Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, amejichora mwenyewe, mzee kafunga kilemba kichwani kashika makaratasi, basi anatukalisha hapo anatuuliza huu mwanga unatokea wapi. Sasa nimemuuliza baba mdogo ukifika Ulaya unataka kuona nini, kajibu bila kufikiria, nipeleke Amsterdam nione mtaa wa yule mzee, nione alikuwa anapita wapi.

Nimeangalia onlaini naona kuna ziara nyingi za kutembea kwa mguu, masaa mawili mpaka matatu, nyingi kwa Kiingereza, hapo sina shida mzee Kiingereza anakimudu vizuri tu. Shida ni goti lake, hawezi kukimbizana na watu ishirini wanaofuata kibendera. Pili nimeona kanisa alipozikwa mke wa Rembrandt liko katikati ya ule mtaa wa wanawake wanaouza miili wakikaa madirishani, sasa nampitishaje baba mdogo pale bila kumvunjia heshima? Aliyewahi kufanya hii ziara naomba anisaidie, tuna siku moja, labda moja na nusu.

Binti_Makunduchi

Karibu sana Uholanzi ndugu. Mimi naishi Amsterdam na wageni wangu wote nawatembeza mwenyewe, kwa hiyo ushauri wangu zungukeni wenyewe ila mfuate maisha yake yalivyokwenda, msirukeruke, maana huyu bwana maisha yake yamelala kwenye ramani kutoka mashariki ya mji kwenda magharibi, utajiri upande mmoja, umaskini upande mwingine.

Anzeni Jodenbreestraat, mnashuka metro Waterlooplein mnatembea kidogo tu. Pale ndio nyumba yake, sasa hivi ni makumbusho, Het Rembrandthuis. Aliinunua 1639 kwa gilda 13,000, hela nyingi mno kwa wakati ule, akawa analipa kidogo kidogo na ndio deni lililokuja kumwangusha. 1656 akatangaza kafilisika, wakaja maofisa wakaandika kila kitu chumba kwa chumba, picha, sanamu, mikuki, makombe ya baharini, vyombo vya jikoni, kisha vikanadiwa. Sasa sikiliza, ile orodha ya kufilisiwa ndiyo waliyotumia kuipanga upya nyumba, ndio maana leo ukiingia unaona jiko, kitanda kilichojengwa ndani ya kabati la ukutani, na juu kabisa chumba cha kuchorea chenye madirisha makubwa yanayoangalia kaskazini. Mwalimu wa kuchora akisimama kwenye chumba kile swali lake la mwanga unatokea wapi litajibiwa bila maelezo. Huwa wanaonyesha pia jinsi rangi zilivyosagwa na kuchanganywa na mafuta, na jinsi michoro ya sahani za shaba inavyochapwa, msipitwe na hiyo.

Ila goti. Ngazi za nyumba ya zamani ni nyembamba na zinazunguka, mpe muda, msipange kitu kingine saa ileile.

Mkitoka hapo, kanisa la Zuiderkerk liko karibu, mnara wake mnauona mkiwa darajani. Walizikwa watoto wake watatu pale, wote wachanga. Katika wanne aliozaa na mkewe Saskia aliyekua ni Titus peke yake. Mimi hapo huwa nawaambia wageni tusimame kidogo kabla ya kwenda Nieuwmarkt, kwenye lile jengo la zamani lenye minara linaitwa De Waag, ambapo chama cha madaktari wa upasuaji kilikuwa na chumba chake. Hao ndio waliompa kazi ya kumchora Dr Tulp anafundisha mbele ya maiti, 1632, kijana ndio kwanza katoka Leiden hajafika hata miaka 30, na ile picha ikampandisha jina mji mzima.

Halafu pumzikeni mle kitu. Baadaye pandeni tramu mpaka Westermarkt, kwenye kanisa la Westerkerk alipozikwa, msitembee.

Jamo_wa_Kisumu

Mimi naona tofauti kidogo na dada hapo juu. Niko Utrecht, mamangu alipokuja tulizunguka peke yetu na simu mkononi, tukapita vitu vingi bila kujua tumevipita. Baadaye nikarudi na rafiki na tukalipa mtu wa kutuongoza, mwanamama mmoja aliyesomea historia ya sanaa, sisi wawili tu na yeye, na hapo ndio nikaelewa. Sababu ni hii, sehemu kubwa ya Amsterdam ya Rembrandt haiko tena. Nyumba ya Rozengracht alikohamia baada ya kufilisika ilishabomolewa, kuna kibao tu ukutani, na usipoonyeshwa unapita ukidhani ni nyumba ya kawaida tu. Ukumbi wa wanamgambo walioagiza Nachtwacht, ile picha kubwa ya doria, siku hizi ni hoteli, hapo Nieuwe Doelenstraat. Yule mama alitusimamisha nje akatueleza picha ilivyokaa ndani ya huo ukumbi tangu 1642, halafu 1715 wakaihamisha kwenda jumba la manispaa pale uwanja wa Dam, ikawa haitoshi ukutani, wakaikata kando zote nne. Waliikata tu hivyo! Mpaka leo vile vipande havijapatikana. Sasa hiyo stori ukiisikia ukiwa umesimama mahali penyewe, halafu kesho yake unaingia Rijksmuseum, makumbusho ya taifa, unaiona picha, inakushika vingine kabisa.

Kwa hiyo lipia, lakini usilipie kundi. Tafuta mtu wa kuwatembeza nyinyi wawili, mwambie mapema kuhusu goti, mwambie mnataka vituo vichache na kukaa chini. Na kabla hujalipa muulize kama anazungumzia Geertje Dircx. Huyu alikuwa mlezi wa Titus baada ya Saskia kufariki 1642, akaishi na Rembrandt kama mke, kisha wakakosana akamshtaki kwamba alimwahidi ndoa, korti ikaamua awe anamlipa kila mwaka, na Rembrandt akasaidia kumfungisha kwenye nyumba ya kurekebisha wanawake kule Gouda, akakaa miaka mitano. Mwongozaji anayeruka hiyo sehemu anakuuzia mtakatifu, na mimi sitaki mtakatifu, nataka mtu. Michoro yake ni mizuri hata ukijua hayo yote.

Mluguru_Ughaibuni

Asanteni sana, nimejifunza kuliko tovuti zote nilizosoma. Jamo hiyo ya Geertje sikuijua kabisa. Bado nauliza kuhusu lile kanisa la Saskia, tuliache au?

Binti_Makunduchi

Msiliache. Oude Kerk ni jengo la zamani kuliko yote Amsterdam na sakafu yake yote ni mawe ya makaburi, unatembea juu ya majina ya watu, na jiwe la Saskia liko pale limeandikwa jina lake. Kuna asubuhi moja mwezi wa tatu, tarehe 9, jua linapita dirishani linaangukia kaburi lake, watu wanakuja mapema kuliona, nyinyi mtalikosa ila mwambie mzee, atapenda. Na umwambie pia kwamba 1662 Rembrandt alilazimika kuliuza kaburi hilo la mkewe kwa sababu ya shida ya hela. Mimi sijawahi kulizoea hilo.

Kuhusu madirisha, nendeni asubuhi lango likifunguliwa tu, wakati huo mitaa imetulia na mapazia mengi yamefungwa. Mwambie baba mdogo mapema, kwa heshima tu, baba pale jirani pana biashara hii, tutapita moja kwa moja mpaka mlangoni. Wazee wetu wameona mengi, kinachowaudhi ni kushtukizwa. Simu iwe mfukoni, hao dada hawapigwi picha. Na ujue tangu 2020 manispaa imepiga marufuku vikundi vya watalii kuongozwa kupita mbele ya madirisha, kwa hiyo ziara nyingi hazipiti hapo, ndio maana nasema hiki kipande mfanye wenyewe hata kama mtamlipa mtu kwa mengine. Jamo kuhusu Doelen na Rozengracht ana haki, sibishi.

Mvita_na_Maji

Salaam ndugu zangu. Nyote mmesema mazuri ila kuna jambo hamkuligusa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Huyo mwalimu akifika Jodenbreestraat mwambieni kwamba mtaa ule ule, wakati ule ule Rembrandt anaishi pale, walikuwepo Waafrika. Wanaume mabaharia na askari, wanawake watumishi, wengine walitokea Angola, wengine walipitia Brazili, na watafiti wamewakuta kwenye vitabu vya zamani vya mji, ndoa zao, ubatizo wa watoto wao, maziko yao. Walioana, walisimamiana harusi, walikaa nyumba za karibu karibu. Hawakuwa wengi lakini walikuwa jamii, na Rembrandt alikuwa anawaona kila akitoka mlangoni. 2020 makumbusho ya nyumba yake yaliweka maonyesho mazima juu yao.

Na aliwachora. Ipo picha yake ya 1661 ya wanaume wawili Waafrika, mmoja kavaa kama mtu wa Roma ya kale anazungumza, mwenzake kamwegemea begani, macho yake yametulia. Haina dhihaka ndani yake. Wachoraji wengi wa zama zile Mwafrika walimuweka pembeni, kashika sinia au mwavuli wa bibi mkubwa, na hapa wawili hawa wamejaza picha yote, hakuna bwana wala bibi. Nilisimama mbele yake nikashindwa kuondoka, mlinzi akawa ananiangalia.

Iko The Hague, Mauritshuis, si Amsterdam, na treni haifiki saa moja. Hiyo nusu siku uliyosema ipelekeni huko. Makumbusho ni madogo, vyumba vya kiasi, goti halitachoka, na humo humo mtamkuta Dr Tulp na maiti wake, na pia picha Rembrandt aliyojichora 1669, mwaka aliokufa. Kwa hiyo mnaona kijana anayeanza na mzee anayemaliza chini ya paa moja.

Mluguru_Ughaibuni

Mvita hiyo sikuwahi kuisikia popote na nimeisoma mara mbili. Nitampigia baba mdogo leo leo nimsomee. The Hague tunakwenda, hilo limeshapita. Nimeamua hivi, siku ya kwanza asubuhi Oude Kerk sisi wawili, halafu nyumba ya Jodenbreestraat, jioni tutafute huyo wa kutuongoza kwa Doelen, Rozengracht na Westerkerk. Kaburi lake lenyewe Westerkerk linaonekana?

Jamo_wa_Kisumu

Halionekani, alizikwa kwenye kaburi la kukodi Oktoba 1669, na hayo ya kukodi baada ya muda mifupa inatolewa. Kuna jiwe la kumbukumbu ukutani waliloweka 1906. Titus naye amezikwa kanisa hilo hilo, alimtangulia baba yake kwa mwaka mmoja, na Hendrickje, yule mama aliyebaki naye mpaka kwenye umaskini, pia yuko hapo. Fika tu, hata kama hakuna cha kushika.

Kitu kingine, Rijksmuseum lazima ubuku tiketi ya saa maalum, fanya mapema. Ile ya kilemba na makaratasi ambayo mzee alikuwa akiwaonyesha iko pale, kajichora kama Mtume Paulo, 1661. Makaratasi ni zile barua za Paulo, na ukiangalia vizuri kuna kishikio cha upanga kimechungulia kwenye koti. Mpeleke hiyo kwanza kabla ya Nachtwacht, kule kuna umati na atachoka.