Michoro ya Taüll: mahali pake ni kanisani au makumbusho?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, kanisa la Sant Climent la Taüll, katika milima ya Pyrenees upande wa Hispania, lilitabarukiwa mwaka 1123, lakini sura ya Kristo katika utukufu iliyochorwa juu ya altare yake leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Catalonia, Barcelona. Naomba kueleweshwa: mchoro uliozama katika lipu ya ukuta hubanduliwaje, na kwa nini waumini wa bonde lile waliondolewa sura iliyoelekewa na wazee wao katika sala kwa karne nyingi?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu muulizaji, mafundi kutoka Italia walibandika juu ya rangi vitambaa vilivyopakwa gundi ya wanyama. Gundi ilipokauka ilijikaza na kung'oa tabaka jembamba la rangi, ambalo liliviringishwa pamoja na vitambaa, likasafirishwa na kubandikwa kwenye turubai, kisha vitambaa vya juu vikatolewa kwa maji ya moto. Sababu ni biashara: michoro ya Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Catalonia, ilikuwa imekwisha kuuzwa, na tangu mwaka 1921 ni mali ya makumbusho ya Boston, Marekani. Ili mingine isifuate njia hiyo, Bodi ya Makumbusho ya Barcelona iliinunua na kuibandua kati ya miaka 1919 na 1923. Mimi naona ilifanya vema.

Mchangiaji wa pili
Nakubali kwamba iliokolewa, ila tusisahau gharama yake. Mchoro ule ulitungwa kwa ajili ya ukuta uliopinda, mwanga wa dirisha dogo na altare iliyo chini yake. Makumbusho yamejenga kuta zilizopinda vilevile ili kuushikilia, na hilo ni jambo la heshima, lakini hapaadhimishwi misa pale.

Muulizaji
Nawashukuru. Je, kanisani kumebaki nini?

Mchangiaji wa pili
Vimebaki vipande vya asili, na miongoni mwake, wakati wa ukarabati, ilifunuliwa picha ya Kaini akimuua Habili. Tangu mwaka 2013, badala ya nakala iliyokuwapo zamani, mchoro mzima huonyeshwa kwa mwanga juu ya ukuta uleule, na taa zikizimwa vile vipande huonekana tena.