Naomba ushauri: dodoso la uaminifu kwa makuruta

Habari zenu wakuu. Nasoma saikolojia, utafiti wangu ni kupima uaminifu (loyalty) wa vijana walio kwenye mafunzo ya kijeshi. Dodoso la majaribio limenigomea: hata "sijawahi kunung'unikia amri" wote wamejaza "nakubali kabisa". Kuruta mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hii inaenda kwa afande?"

Nimeondoa majina, nikachomeka maswali ya mtego ya Marlowe na Crowne (1960), yanayoonyesha kama mtu anajibu ili aonekane mwema. Yamethibitisha tu kwamba wanajipamba. Kwa upande wa majaribio ya vitendo, OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliwapa watahiniwa wasaidizi wakorofi wajenge nao fremu ya mbao, lakini pale kilichopimwa ni uongozi na ustahimilivu, siyo uaminifu.

Je, tathmini ya wenzao wa kombania inaaminika zaidi? Na nitenganishaje uaminifu na woga?