Mama wa miaka 62 anajilazimisha lita tatu za maji kwa siku: ni sahihi?

Swali, kutoka Sakina, Arusha
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu ametoka Machame kuja kukaa nami, na tangu jirani amweleze kwamba mtu mzima lazima anywe lita tatu kwa siku, kila asubuhi anajaza chupa mbili za lita moja na nusu, anazipanga mezani, na hagusi chakula mpaka ya kwanza ifike nusu. Usiku anaamka mara nne kwenda chooni, na wiki iliyopita nusura ateleze kwenye sakafu. Hana presha wala kisukari. Kiwango ni kipi hasa?

Jibu, kutoka Moshi
Mfikishie mama shikamoo yangu. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2010 walitaja lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, lakini hesabu hiyo inajumlisha chai, uji, maziwa na hata maji yaliyomo ndani ya chakula, kwa hiyo bakuli la mtori nalo linahesabiwa. Mkanganyiko huu ni wa zamani: mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja takriban lita 2.5, ikaeleza papo hapo kwamba sehemu kubwa yake tayari imo katika vyakula, ila watu wakaishika namba na kuyaacha maelezo. Mama apunguze maji ya jioni, anywe zaidi asubuhi na mchana. Asingoje kiu peke yake, kwa kuwa umri ukisogea kiu hufifia. Atazame mkojo, ukiwa wa njano hafifu inatosha. Akiendelea kuamka hivyo baada ya kupunguza, apimwe sukari na mkojo.

Jibu, kutoka Marangu
Mimi ni mwongoza watalii. Mlimani tunawahimiza wageni wanywe lita tatu hadi nne, kwa sababu hewa ni kavu na mtu anahema kutwa nzima. Mama aliyekaa Sakina hana mzigo huo. Maji mengi mno kwa muda mfupi huzimua chumvi ya damu, na hali hiyo imewahi kuua wakimbiaji wa mbio ndefu.

Jibu, kutoka Usa River
Mnahesabu lita bila kuuliza ni maji gani. Huku chini ya Mlima Meru visima vingi vina madini ya floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo yaliyotutia wengi wetu rangi ya kahawia kwenye meno tangu utotoni. Anayekunywa lita tatu badala ya moja na nusu anameza madini hayo mara mbili. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua sufuriani na floridi hubaki. Kinachosaidia ni chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Magadi ya makande nayo myaangalie, maana mengine yana floridi nyingi.

Aliyeuliza
Nawashukuru sana. Sisi tunachota kisima cha jirani, yuleyule mwenye lita tatu zake, kwa hiyo nitamwomba vipimo vya maji. Mama ameikubali chupa moja, ila amesema chai yake ya saa kumi isiguswe.