Naomba ushauri: kingamwili ya FOXP3 iliyogandishwa

Ndugu wataalamu, kwa heshima naomba ushauri wenu. Ninafanya utafiti wa uzamili hapa Kisumu kuhusu seli T dhibiti (seli za kinga zinazotuliza mwitikio wa kinga ya mwili) katika damu ya watu wazima waliougua malaria mara kwa mara, na ninategemea kingamwili inayonasa FOXP3, protini inayozitambulisha seli hizo; kingamwili hiyo imeunganishwa na fikoeritrini, rangi inayong'aa ikipigwa na leza.

Juzi umeme ulipotea usiku, na mlinzi wa zamu, kwa nia njema kabisa, akakihamishia kichupa changu kwenye friza ya jenereta yenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi nilikikuta kimeganda hadi kwenye kizibo. Kwa kuwa fikoeritrini yenyewe ni protini, kugandishwa huidhoofisha mng'ao, nami nilipopima kwa leza ya nanomita 488, CD4 na CD25, alama za juu ya seli hizo, zilijitenga vizuri, lakini FOXP3 ilibaki imejikunyata karibu na sampuli isiyotiwa rangi.

Kinachonitatiza ni kwamba FOXP3 hukaa ndani ya kiini cha seli, kwa hiyo huenda kosa liko kwenye hatua ya kukaza seli na kutoboa utando wake, hasa kwa kuwa myeyusho wangu wa kutobolea ulifunguliwa zamani. Je, nianze kwa kubadilisha myeyusho, au niipime kwanza rangi yenyewe kwa kutumia shanga za kunasa kingamwili (chembe ndogo zinazotumika badala ya seli), nisipoteze seli? Damu iliyobaki inatosha majaribio mawili tu, na kichupa kingine kitachukua wiki kadhaa kufika.