Viambatisho vya barua pepe ofisini: antivirusi ya kulipia, Defender, kusomea kwenye kivinjari, au mashine ya Linux?

Sekretarie_Lubum

Jambo yenu wote. Ofisi iko hapa Lubumbashi, inauzia makampuni ya migodi vifaa vya usalama: buti, kofia, glavu. Mashine ni sita, nne za Windows 11 na mbili za Windows 10, zote kwa Kifaransa. Kila siku zinaingia bon de commande (oda za wateja), proforma (ankara za awali) na appel d'offres (zabuni), nyingi kutoka kwa watu wasiojulikana. Kwa hiyo ule ushauri wa "usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua" hautusaidii, maana wasiojulikana ndio wateja wenyewe. Intaneti ni ya mega za simu, na umeme mnaujua.

Njia nne ziko mezani:
1. kununua antivirusi ya kulipia kwa mashine zote sita;
2. kubaki na Defender ya Windows na kuiweka sawasawa;
3. kusomea viambatisho ndani ya kivinjari bila kuvipakua;
4. kuweka Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kwenye mashine moja, viambatisho vyote vifunguliwe hapo kwanza.

Naomba ulinganisho kwa kazi ya namna hii, si kwa mtu wa nyumbani.

Fundi_Kampemba

Kwa kawaida kiambatisho kikilala tu ndani ya barua hakifanyi kitu. Hata Outlook ikiwa imekishusha tayari kwenye diski, bado kinangoja mtu akibofye. Swali basi ni faili linafunguliwa wapi. Njia ya 1 na ya 2 zinaliacha lifunguke palepale kwenye mashine yenye hesabu zenu, halafu zinajaribu kulikamata. Ya 3 inalifungulia mbali. Ya 4 inalifungulia kwenye nyumba ambayo mwizi hana funguo zake. Mimi ningeanza na 3, chini yake 2. Ya 1 ningeiacha.

Kwenye Gmail bofya kijipicha cha kiambatisho chenyewe, usiguse mshale wa kupakua. Word, Excel au PDF inasomwa kwenye seva za Google, wewe unaletewa sura ya kurasa tu. Makro, yaani programu ndogo iliyowekwa ndani ya faili la Word au Excel, haiendeshwi kwako. Ukishaona ni bon de commande ya kweli, yenye bidhaa na idadi, hapo ndipo unapakua ili uifanyie kazi. Ukiona ukurasa mmoja wenye picha iliyofifia na maneno "bofya Activer le contenu (ruhusu yaliyomo) ili kusoma", hakuna bon de commande hapo. Ni mtego, futa.

Kinachokwama kwenye njia hii ni zipu yenye neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa ndani ya barua ileile. Kivinjari hakiwezi kuionyesha, na kichujio cha Google hakiwezi kuipekua. Ndiyo sababu wahalifu wanaipenda. Mteja halisi mjibuni atume PDF ya kawaida, hatakasirika.

Reseau_Katuba

Fundi, hapo umefikiria Gmail tu. Ofisi nyingi za hapa zina anwani ya info@ kwenye hosti ya bei ndogo, na webmail yake, ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari, inaonyesha picha na PDF, basi. Word na Excel inakuambia pakua. Kichujio cha virusi upande wa seva mara nyingi hakipo kabisa. Kama ndivyo ilivyo, elekeza barua za info@ ziingie sanduku la Gmail. Mbali na kusomea kwenye kivinjari unapata kichujio: Gmail inakataa .exe na .js hata zikifichwa ndani ya zipu ya kawaida.

Kuhusu antivirusi ya kulipia siikatai kama Fundi. Maabara ya AV-Comparatives ya Austria hupima pia mashine ikiwa haina intaneti, na hapo Defender hushuka waziwazi, kwa sababu nguvu yake kubwa ni kuuliza seva za Microsoft. Mashine inayoshinda siku mbili bila mega iko kwenye hali hiyohiyo. Ila kuna mambo mawili muuzaji hatakwambia.

Kwanza leseni. Ukiweka antivirusi nyingine, Defender inazima ulinzi wake wa papo kwa papo, na ni sawa, mbili haziwezi kulinda mlango mmoja. Leseni ikiisha mwezi wa kumi na mbili, ikoni huweza kubaki pembeni ya saa vilevile, huku orodha ya virusi inazeeka. Ofisi inaweza kujiona imelindwa kumbe haina kitu. Pesa ya kulipia upya kila mwaka isipokuwa na hakika, bora kuiondoa na kuirudisha Defender.

Pili, programu za crack, yaani zilizovunjwa leseni. Hizo usiziguse. "Activateur" ya Windows au Office huanza kwa kukuomba uzime ulinzi, na inapomaliza huweza kuacha folda yake, au diski C nzima, kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender haitavitazama. Fungua Sécurité Windows, Protection contre les virus et menaces, Gérer les paramètres, shuka hadi Exclusions. Orodha iwe tupu. Ikiwa na kitu ambacho hakuna mtu ofisini anakumbuka kukiweka, kiondoe na upige skani nzima.

Mzee_wa_Kamalondo

Mnazungumza antivirusi na hakuna aliyemwambia dada aonyeshe ekstensheni. Hiyo haigharimu kitu. Windows inaficha herufi za mwisho za jina, kwa hiyo BC_0417.pdf.exe inaonekana BC_0417.pdf, tena na ikoni nyekundu ya PDF, maana ikoni mtu anaweka anayoitaka. Mwezi Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilizunguka dunia kwa ujanja huohuo: faili liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs na watu waliona TXT.

Windows 11: fungua folda yoyote, Affichage, Afficher, weka alama kwenye Extensions de noms de fichiers. Windows 10 iko kwenye utepe wa Affichage. Fanyeni mashine zote sita, na kwa kila mtumiaji, kwa sababu mpangilio ni wa mtumiaji, si wa mashine.

Halafu kuna ujanja unaopita hata hapo. Kuna alama ya maandishi isiyoonekana, ile inayogeuza mwandiko usomeke kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Ikipandwa katikati ya jina, faili linaloishia fdp.exe linasomeka exe.pdf. Macho hayawezi kuligundua. Panga folda ya Téléchargements kwa mtindo wa Détails utazame safu ya Type: likiandikwa Application, si PDF, hata jina liseme nini.

Zinazofutwa bila mjadala: .exe, .scr, .js, .vbs, .lnk, .iso, .img. Bon de commande haiji kwa iso. Na kwa .js na .vbs, nenda Paramètres, Applications, Applications par défaut, andika .js, chagua Bloc-notes. Mtu akiibofya kwa bahati mbaya itafunguka karatasi ya maandishi ya ajabuajabu badala ya kuendeshwa.

Mama_Ruashi

Swali. Kwetu barua pepe inafunguliwa kwenye mashine ya mapokezi peke yake, kisha faili linapelekwa kwa patron (bosi) kwa flashi. Si tayari ni kama njia ya 4?

Reseau_Katuba

Hapana mama, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na ni wachache wanaojua kwa nini.

Faili likishuka kutoka intaneti, Windows inalibandikia alama ndogo iitwayo Zone.Identifier, yenye mstari ZoneId=3, maana yake "limetoka nje". Alama hiyo ndiyo inayofanya Word ifungue kwa Mode protégé, yaani kwa kusoma tu. Na tangu 2022, Office zinazosasishwa zikiiona alama zinaonyesha upau mwekundu na kukataa makro kabisa, bila kitufe cha kuruhusu.

Sasa, alama hiyo inakaa kwenye diski za NTFS tu, mpangilio wa diski za Windows. Flashi za dukani karibu zote ni FAT32 au exFAT, nazo hazina pa kuiweka. Faili likipita kwenye flashi, alama inabaki mapokezi. Kwa patron linafika kama lililozaliwa palepale: hakuna Mode protégé, na makro inaombewa ruhusa kwa upau wa manjano wenye kitufe kimoja, Activer le contenu. Patron ana haraka. Anabofya.

Kuhakikisha ni rahisi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Propriétés, tazama chini: mapokezi utaona kisanduku cha Débloquer, kwa patron hakipo.

Dawa ziko tatu. Bora ni folda ya pamoja kwenye mtandao wa ndani wa ofisi, faili lisipite kwenye flashi. Ikishindikana, fomati flashi ya kazi kwa NTFS: kitufe cha kulia, Formater, Système de fichiers, NTFS. Inafuta kila kitu kilichomo, na mashine nyingi za fotokopi hazitaisoma tena, kwa hiyo ile ya kupeleka kuchapisha iwe nyingine. Ya tatu fanya hata kama umefanya hizo: kwenye mashine ya patron, Word kisha Excel, Fichier, Options, Centre de gestion de la confidentialité, Paramètres, Paramètres des macros, chagua Désactiver toutes les macros sans notification. Hapo hata kitufe cha manjano kinatoweka. Kama mhasibu ana Excel yake yenye makro, mwachie yeye peke yake.

Bukavu_Libre

Niko Bukavu, naona njia ya 4 imesahaulika. Linux Mint inaenda na RAM ya giga 2, ingawa kwa kazi ya ofisi weka 4, na diski giga 20 inatosha. Kompyuta iliyostaafishwa inafufuka. .exe ikibofywa haifanyi kitu, na makro nyingi za virusi zinategemea PowerShell, chombo cha amri cha Windows, kwa hiyo kwenye LibreOffice, inayofungua Word na Excel huko, zinakufa njiani.

Lakini msidanganyike. Kwanza, Linux haisafishi faili. Ukilisoma Word hapo ukalituma kwa mashine ya Windows, virusi vimepita salama salimini. Faida inakuja pale tu usomaji unapoishia hapo, au unapotoa kwa Exporter au format PDF na kupeleka PDF hiyo mpya. Pili, jedwali za Excel za wateja zinaweza kupinda: fonti, mistari, fomula. Tatu, kiambatisho cha .html kinachofungua ukurasa bandia wa kuingilia barua pepe kinaiba neno la siri kwenye Linux, kwenye Windows na kwenye simu vilevile. Hapo mfumo hausaidii.

Kwa ofisi ya mashine sita ninaona ni kazi nyingi kwa faida ndogo kama mnayo Gmail. Bila Gmail, ningeichukua.

Sekretarie_Lubum

Asanteni sana wakubwa. Mbili ndogo: Office yetu ni 2007 kwenye zile mashine mbili za zamani. Na je, VirusTotal inafaa kupima faili?

Fundi_Kampemba

Dada, hiyo 2007 ungeitaja mwanzo. Haina Mode protégé, ilianza na Office 2010, na Microsoft iliacha kuitunza Oktoba 2017. Mwezi uliofuata ikatangazwa kasoro ya kihariri cha fomula za hisabati, CVE-2017-11882: faili la RTF au Word linaendesha programu kwa kufunguliwa tu, bila makro, bila kubofya ruhusa yoyote. Virusi vya barua pepe vimeendelea kuitumia miaka na miaka kwa sababu Office za namna hiyo zipo bado. Yote tuliyosema ya makro hayalindi kitu hapo. Ondoa, weka LibreOffice. Ni bure.

Windows 10 nayo masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine hizo haziwezi kupanda hadi 11, ndizo za kuwekea Mint ya ndugu wa Bukavu.

VirusTotal inapitisha faili kwa antivirusi zaidi ya 60, lakini unachopandisha kinaweza kupakuliwa na makampuni yanayolipia huduma hiyo. Appel d'offres yenye bei zenu usiipandishe. Tuma alama ya kidole ya faili (hash) tu: fungua cmd, dirisha la amri, kwenye folda husika, andika

certutil -hashfile proforma.docx SHA256

Itatoa herufi na namba 64. Zibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal. Zinakula mega kidogo sana. Likijulikana kuwa baya, utaona. Lisipopatikana, hilo si cheti cha usafi, maana kila ofisi huweza kutumiwa faili lake tofauti kidogo.

Reseau_Katuba

Kuhusu mega: usiache mashine zote zijisasishe kila moja kivyake. Pakua mara moja faili la Microsoft lenye orodha mpya ya virusi ya Defender, liitwalo mpam-fe.exe, la biti 64, linapita mega 100, uliendeshe kwenye kila mashine. Tarehe mpya utaiona kwenye Mises à jour de la protection. Kila Jumatatu asubuhi inatosha kwa mashine zisizo na intaneti ya kudumu.

Na mtu akishabofya: kwanza Wi-Fi izimwe, kebo ichomolewe, diski ya nakala za akiba ichomolewe kama iko. Halafu skani ya nje ya mtandao ya Defender, inawasha mashine upya na kuchukua kama dakika 15. Kompyuta ya mezani isiyo na ondulea (betri ya akiba) msubiri umeme utulie. Maneno ya siri yabadilishwe kutoka simu, si kutoka mashine hiyo.

Mzee_wa_Kamalondo

Nyongeza kwa ile alama ya Zone.Identifier aliyoitaja Katuba. Zipu ikifunguliwa na Windows yenyewe, alama inahamia kwenye mafaili ya ndani. 7-Zip, programu nyingine ya kufungulia zipu, haifanyi hivyo mpaka uiamuru: Outils, Options, kijisehemu cha 7-Zip, ule mstari wenye Zone.Id uuweke Oui. Usipouona mstari huo, toleo ni la kabla ya 22, liondoe uweke jipya.